Tulivyomposea Régis Mara ya Pili

Nakivale,
17 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Concilie,

Salamu nyingi zikufikie huko Nampula, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mgongo umetulia, au bado unakusumbua ukiinama? Sisi huku kambini Uganda hatujambo. Mvua imenyesha vizuri na maharage yamekubali.

Sasa kaa chini nikupe habari. Tumepewa mke! Mdogo wangu Régis anamwoa Mutesi, binti wa Mzee Musoni, mfugaji Mkongomani kutoka Kivu Kusini. Na aliyeuleta ushindi huu ni huyu huyu Aloys wako, uliyekuwa ukimwambia kila siku afunge mdomo.

Mara ya kwanza mambo yaliharibika. Ndugu yako, Baba Mdogo Nicodème, ndiye alikuwa msemaji. Akafungua posa kama tunavyofanya Burundi: akajigamba, akatania, akasema tumefuata harufu ya pombe tamu ya nyumba ile. Kwetu watu wangecheka na kuleta mtungi. Lakini Mzee Musoni ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti. Alinyanyuka, akasema, "Hapa hakuna fasi ya pombe," akatuombea safari njema. Hata soda hatukumaliza. Mutesi akakatazwa kuongea na Régis, na Régis akakonda tukimwona.

Baba Mdogo alisema watu wale wanajidai. Mimi nilikataa. Unajua nauza viatu vya mitumba Mbarara. Mama wa sokoni namwita "nyabo", yaani bibie, na kumuulizia watoto kabla sijataja bei. Askari ni "afande", na maneno yawe machache. Vijana wa bodaboda, usipowatania hawanunui. Kila mlango una hodi yake, Shangazi, na kubisha vizuri si woga, ni adabu.

Basi Jumamosi iliyopita niliongoza mimi. Nilivaa shati la ibada, nikaanza na "Bwana asifiwe", kisha nikauliza hali ya ng'ombe, hata yule aliyekuwa anachechemea. Msichana sikumtaja. Nilijua tukifukuzwa tena, Régis atamkosa Mutesi moja kwa moja. Nikasema taratibu, "Mzee, tumetembea na kiu, na tumesikia maziwa ya hapa hayana mfano."

Halafu Mzee akamgeukia Baba Mdogo. "Na huyu wa pombe, maziwa ataweza?"

Nyumba nzima ikacheka! Kumbe naye alikuwa ameulizia desturi zetu. Mkewe, Mama Nyiramana, alileta maziwa, kisha chungu cha juisi ya ndizi isiyochacha, na mirija, tunywe pamoja kama Warundi. Nilipomwona Baba Mdogo na Mzee Musoni wameinamia chungu kimoja, nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Sala ya mwisho Baba Mdogo aliitikia "Amina" hadi ndama wakashtuka.

Harusi ni Agosti, tukishavuna.

Nisalimie huko Bonaventure na watoto wote wa Clémence. Mke wangu Léoncie anakukumbuka, na Baba Mdogo anasema ushindi ni wa kwake. Mungu akulinde, akupe nguvu na njia ya kuja.

Leo nimekutana na Mutesi kwenye bomba la maji, nikamuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Ameweka ndoo chini, akasema, "Umuambie shangazi yetu akuye huku. Nitamukamulia mimi mwenyewe."

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Aloys