Ini la Perege Linajua Mlango

Alhamisi, Korogwe. Manyunyu tangu asubuhi, na mikono yangu bado inanuka samaki.

Nimetoka maabara nimeduwaa. Majibu ya maini ya perege yamepatikana.

Nianze nyuma kidogo. Mwezi uliopita perege wa bwawa la mama, kule Kwamndolwa, walianza kuzubaa, wengine wakaelea wamekufa. Mimi, msomi wa nyumba, nikatamka bila kupima: ni dawa ya kupe. Mzee Sironga, mfugaji aliyehamia kutoka Handeni, huogeshea ng'ombe wake karibu na kijito kinachojaza bwawa letu. Mama akayapeleka maneno yangu kwa mwenyekiti. Mzee akaambiwa aondoe mifugo yake kabla ya Jumamosi hii.

Ndipo nikapima. Beseni la kwanza niliweka samaki kwenye maji ya bwawa, nikawapa chakula safi. La pili, maji ya kisima, nikawalisha pumba za nyumbani, zilezile anazomwaga mama bwawani. Ini likikutana na sumu huongeza vimeng'enya vya kuivunja, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikivitafuta.

Maini ya beseni la kwanza yametulia. Ya beseni la pili yamewaka vimeng'enya.

Mahindi yaliyotoa pumba zile niliyachanganya mimi mwenyewe na dawa ya dumuzi, mdudu wa ghalani. Siku hizi za soko huria kila duka linaiuza, nami niliinunua imefungwa kwenye karatasi, haina maelezo. Tukakoboa, sembe tukala sisi, pumba wakala samaki.

Halafu kuna beseni la tatu. Dawa ileile, kiasi kilekile, lakini niliitia kwenye maji. Maini yakashtuka kidogo tu. Iliyopitia matamvua anayopumulia samaki na iliyopitia tumboni, ini linazipokea kama wageni wawili tofauti. Kitu kidogo kuliko dole gumba langu. Nimekitazama mpaka machozi yakanilenga. Subhanallah.

Nilipomweleza mama, aliendelea kuchambua mchicha.

"Wewe ndiye uliyesema," akaniambia mwishoni. "Nenda ukaseme tena."

Sijawahi kuogopa mtihani hivi.

Kesho asubuhi, kabla Mzee Sironga hajawafungulia ng'ombe, nitapanda na kijito hadi kwake. Nitaanza na shikamoo, naye ataitikia marahaba, kama alivyoniitikia siku zote, hata wiki hii. Baada ya hapo sijui nitaanzia wapi.