Pete Imeanguka, Nami Nikashuka

Shoga, nimeshuka kwenye kiti cha daktari wa meno, kitambaa bado shingoni! Naandika kwa sababu nusu ya mdomo imekufa ganzi.

Unaikumbuka ile pete ya chuma niliyokusimulia, inayovishwa keekee, ile mashine ya kutobolea? Daktari mwenyewe alinieleza: kiolezo, kile kibao cha plastiki mdomoni, kinaonyesha pa kutoboa taya ili jino la bandia lipandikizwe, pete ndiyo inayosema hapa basi. Ukizidisha, unagusa mshipa wa fahamu, na mdomo unaweza kubaki hivi maisha.

Sasa pete imeanguka, ikabingirika chini ya kabati. Nesi: "Daktari, nyingine safi hatuna." Yeye: "Tuendelee, nitakadiria kwa macho."

KWA MACHO!

Nikamdaka mkono. Shangazi aliyenisindikiza, kasimama mlangoni: "Wewe mtoto, unatuaibisha!" Nikatoka mate yakinichuruzika.

Daktari kanifuata mapokezi. "Dada, huniamini?"

Nikamwandikia kwenye simu: "Nakuamini sana. Ndiyo maana nimeshika ulichoniambia."

Kaisoma mara mbili. Kisha akamwita nesi: "Itakase ile pete. Tutasubiri."

Basi tunasubiri. Shangazi kanuna. Na anune! Mimi mshereheshaji, mdomo ndio jembe langu. Jembe langu halikadiriwi kwa macho.