Rangi ya Chumba cha Binti Yetu

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie upesi, maana nyumbani hakuna amani na mume wangu anajifanya mgonjwa. Yeye ni fundi rangi, anapaka wodi za hospitali, na nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza alileta rangi akasema ni zawadi ya binti yake, akapaka chumba kikapendeza mpaka nikalia, kumbe yeye na mwenzake wanayemwita Ngazi walikuwa wanaichota kazini kidogo kidogo kwenye chupa za maji. Sasa si akamwalika msimamizi wao aje na Ngazi kumwona mtoto! Nikawaandalia chai, na badala ya kunyamaza mume wangu akaanza kujisifu, "Bosi, tazama ukuta huo, hata alama ya brashi huioni." Bosi akauliza, "Rangi umenunua wapi?" Akajibu, "Dukani." Bosi akasema taratibu, "Duka gani, na hii nimeichanganya mimi kwa mikono yangu?" Ngazi akarukia kumtetea, "Hapana bosi, niliyopaka kwangu ndiyo ya kule kazini, hii ni nyingine!" Mshauri, nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto akaanza kulia, bosi akambeba, akambembeleza akanyamaza, akanirudishia, akaaga. Tangu hapo mume wangu haendi kazini, anasema ataufunika ukuta kwa rangi nyingine, nami nampenda jamani, ila nikimtazama naona aibu. Nifanyeje?

Mama Mzazi

Pole mama, na hongera kwa mtoto. Nimecheka, nisikufiche, kisha nikakuonea huruma. Mumeo hana kipaji cha wizi, na umshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwizi ni mwizi, hata akiiba kwa mapenzi. Na hiyo rangi ya kufunikia ataichota wapi?

Ugonjwa wake hauna dawa hospitalini. Kesho asubuhi mwamshe, mpe chai, mtoe nje. Aende kwa bosi kwa miguu yake, aseme, "Nimeiba, nipo tayari kulipa," asimsingizie shetani. Ngazi naye akaseme lake, ila wasiende pamoja, maana huyo akifungua mdomo mtakwisha wote. Wewe usimfuate na mtoto mgongoni ili mhurumiwe. Yule bosi alikuwa na haki ya kupiga kelele, akachagua kumbembeleza mwanao. Mtu wa namna hiyo hakimbiwi. Anaweza kumfukuza kazi vilevile, nanyi mlipokee.

Ukuta uacheni ulivyo. Jioni akirudi, awe na kazi au hana, mfungulie mlango wewe mwenyewe, umpe binti yake ambebe.