Mfereji wa Mashine ya Maguu

Jumatano, 6 Julai 1994

Nimechimba tena. Hatua arobaini leo. Mgongo unauma ila simwambii mtu. Ukungu mpaka saa nne, baridi ya kukata masikio. Vijana wa kijiji chetu cha Maguu wamejikunyata motoni, mzee wa miaka sitini na nane yuko mferejini.

Mawe ya kusagia yamefika jana kutoka Mbinga mjini. Aliyeniuzia ni Bwana Salumu mwenye duka, watu wake wa pwani. Anasema yalikaa nyuma ya duka tangu enzi za baba yake, hakuna aliyejua ni ya nini. Mimi nilijua. Ujanani nilisaga kwenye mashine ya maji ya wamisheni miaka minne. Hapa hakuna mtu hai anayejua mashine ya maji kama mimi. Sijisifu. Ndivyo ilivyo.

Mungu nakushukuru kwa mawe.

Ijumaa, 8 Julai

Fundi amefika. Yohane, Mnyasa wa Kihagara. Kazi yake kuchonga mitumbwi na kuunda maboti ziwani. Gurudumu la mashine atalitengeneza yeye. Amepanda milima siku mbili na msumeno begani na furushi la usipa mkavu, dagaa wa kwao.

Alipoona mto wetu alicheka. "Mzee, huu ndio mto? Kwetu huu tunanawia miguu tu."

Nikamwambia anawe basi, kisha ashike kazi. Nimempenda.

Mama Adelina kapika usipa. Nimekula mpaka nikafungua mkanda. Mke kama huyu wengine hawana.

Jumapili, 17 Julai

Baada ya misa nimetangaza nje ya kanisa. Jumamosi tarehe 6 Agosti mashine inasaga. Siku hiyo bure. Wanawake wamepiga vigelegele. Wana haki. Sasa wanavuka vilima vitatu na debe kichwani kufuata mashine ya dizeli. Mafuta yakikosekana wanarudi na mahindi yao vilevile.

Zamani mtu mmoja kumiliki mashine ilikuwa kesi. Siku hizi ruksa. Nimeingoja mpaka meno yameisha.

Watu hawajui nilichouza. Ng'ombe wote wawili. Na cherehani ya Mama Adelina. Sikumnyang'anya, alinipa. Alisema, "Baba Adelina, chukua. Ila mashine ikikataa kusaga, nguo za watu utashona wewe." Alicheka. Mimi sikucheka. Ikishindikana sina cha kumrudishia. Cherehani ile ndiyo ilimsomesha Adelina.

Alhamisi, 28 Julai

Gurudumu limesimama. Zuri. Ekseli ya lori bovu, mbao za mninga. Nimelizungusha kwa mkono, halina hata mlio.

Tumegombana na Yohane. Anataka mfereji upite kwenye kahawa ya Longinus. Anasema pale chini ni mwamba na udongo wa mfinyanzi, maji hayatapotea. Nimekataa. Mfereji unapita shambani kwangu. Nimeshachimba. Basi.

Longinus ni kaka yangu wa ukoo, amenitangulia miaka mitatu. Tumepakana. Miaka tisa iliyopita alisema mbele za watu kwamba nimesogeza jiwe la mpaka. Mbele za watu! Kwake ndiko kwenye sengu yetu. Wanaume wa ukoo wanakula pamoja jioni, kila mke analeta chakula chake, na neno lolote zito linasemwa pale. Tangu siku ile sijakanyaga. Nakula peke yangu kwangu. Nimezoea.

Simwombi Longinus hata moto wa kuwashia kiko.

Jumamosi, 6 Agosti

Aibu.

Wamekuja wote. Nilihesabu madebe thelathini, nikaacha. Katekista kaja. Nilivaa koti.

Nimefungua banio kule mtoni saa tatu. Maji yameingia mferejini kwa nguvu, watu wakashangilia. Yakafika shambani kwangu. Yakaanza kuingia kwenye ngolo, mashimo yetu ya kulimia. Shimo la kwanza likajaa, maji yakaenda la pili. Likajaa. La tatu. Tumesimama kwenye gurudumu tunasubiri. Saa nne. Saa sita. Saa nane.

Halikufika hata tone.

Ngolo zangu ni bora kuliko zote Maguu. Mvua inyeshe vipi, shimo linashika maji, udongo hauteremki. Babu alichimba hivyo, baba vilevile. Nimewaonyesha mpaka mabwana shamba. Na mimi huyohuyo nimepitisha mfereji katikati ya mashimo yanayojua kazi moja tu, kunywa maji.

Yohane amesema, "Wamatengo mna akili, Mzee. Mmelifundisha shamba kula maji, leo linakula na ya mashine."

Watu wamecheka. Wanawake hawakucheka. Wamejitwika mahindi wakaondoka.

Jumapili, 7 Agosti

Sikwenda misa. Nimesema naumwa. Uongo.

Jumanne, 9 Agosti

Tumesiliba mfereji udongo wa kichuguu, kutwa nzima, mimi na Yohane. Maji yamefika nusu ya shamba. Kingo zikabomoka. Yote mashimoni tena.

Yohane anasema atakaa mpaka Jumamosi. Kwao usipa umeanza kuvuliwa, watu wanamngoja na maboti yao. Hasemi kwa ubaya. Ni mtu mwema, kazi yake ameimaliza. Ya kwangu ndiyo imenishinda.

Alhamisi, 11 Agosti

Leo nimemkuta Mama Adelina kakaa mlangoni anashona gauni la mtu kwa mkono. Sindano na uzi. Macho yake hayaoni karibu tena, anauweka mshono mbali kama anausoma. Angenitukana ningeshukuru.

Nimezunguka nyuma ya nyumba nikasimama huko.

Kwa kuwa daftari hili halisomi mtu, naandika. Jiwe la mpaka nililisogeza. Hatua mbili. Nilipanda mikahawa minne mahali pale. Longinus alisema kweli, nami nikamchukia kwa kusema kweli.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimekwenda.

Nilimwambia Mama Adelina apike. Hakuuliza ya nini. Kapika ugali na maharage na kumalizia usipa wote uliobaki. Akajitwika, akatangulia. Mimi nyuma. Njia ya hatua mia mbili, nilidhani nakwenda Songea kwa miguu.

Kwenye sengu walikuwa wazee watano, Longinus mmoja wao, wanasubiri kunawa. Mama Adelina akatua chakula, akapiga goti, akaondoka.

Nikasema, "Shikamoo, kaka."

Longinus akaitika, "Marahaba." Kisha akauliza, "Umepotea njia, au umetumwa?"

"Nimekuja kula."

"Kwako hakuna chakula?"

"Kipo. Kinanikaba."

Mzee mmoja akacheka puani. Longinus akasogea kwenye mkeka. Nikakaa. Nikasema kabla ya kunawa, maana nikinawa ningenyamaza. Nikasema jiwe nililisogeza mimi. Hatua mbili. Kesho nalirudisha. Na mikahawa minne iliyo pale ni yako, vuna tangu msimu huu. Mashine sikuitaja kabisa. Sikwenda kuomba. Ndivyo nilivyojiambia.

Longinus akasema, "Lile jiwe nililiona likitembea. Nikasema acha, likichoka litarudi lenyewe. Kumbe lina miguu migumu kama bwana wake."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Na mimi nilicheka. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Tukala. Mkono wangu na wa kwake sahani moja. Chakula kilipoisha akaniuliza, "Haya, na maji yako?" Nikasema yamelewa shambani. Akasema, "Mke wangu ana miaka sabini naye anabeba debe. Unafikiri nitakunyima njia kwa ajili ya kiburi chako? Wewe hukuuliza tu."

Miaka tisa. Kwa sababu sikuuliza.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimelirudisha jiwe asubuhi, peke yangu. Nilikataa kusaidiwa. Zito kuliko nilivyokumbuka.

Nikamkuta Longinus tayari ana jembe na shoka. Anang'oa mikahawa yake ili mfereji upite. Kumi na moja, na matunda yake mekundu juu. Mwaka huu wanunuzi binafsi wameingia, kahawa ina bei kuliko miaka yote tuliyouzia chama cha ushirika. Nilimwambia tupindishe mfereji. Akasema, "Maji hayapendi kona. Mimi pia. Shika ule upande."

Yohane ameahirisha safari. Anasema maboti yatamngoja, mambo ya wazee wawili kung'oa kahawa hayaonekani ziwani.

Jumatano, 24 Agosti

Saa tano asubuhi. Banio limefunguliwa. Sikumwalika mtu. Tulikuwa wanne, mimi, Mama Adelina, Longinus na Yohane.

Maji yamepita kwenye kahawa juu ya mwamba, yanametameta. Hayakupotea. Yakaingia mfereji wa mbao, yakadondoka kwenye gurudumu. Gurudumu likatetemeka. Likafikiri. Likageuka.

Mawe yakanguruma. Yohane alipiga ukelele wa watu wa ziwa. Mama Adelina alitia kibaba cha kwanza. Unga ukatoka mweupe, wa moto mkononi. Akanipaka usoni.

Nashukuru. Sina neno jingine. Nilitafuta, sina.

Jumamosi, 27 Agosti

Yohane ameondoka leo. Nimempa unga, mzigo wa kumtosha mpaka Kihagara, na koti langu. Alikataa koti, nikamlazimisha. Ziwani hakuna baridi lakini njiani ipo.

Wanawake wamejaa. Wengine wametoka ng'ambo ya pili, sikuwajua. Wanakaa kwenye majani wanapiga soga na kusubiri zamu, watoto migongoni. Mmoja aliniambia, "Babu, leo nimepika mchana. Sikumbuki lini nilipika mchana."

Nimepanga na Longinus. Yeye anatunza mfereji upande wake, familia yake inasaga bila kulipa, na baada yake watoto wake. Tumeyasema kwenye sengu, yametosha. Karatasi hatukuandika. Kila mtu kaniuliza mbona sikuandika, mimi najua kuandika. Najua. Hii haihitaji.

Ndiyo mashine bora ya maji katika wilaya nzima. Nimesikia watu wakisema. Si mimi niliyeanza.

Jumapili, 4 Septemba

Misa, kisha mapumziko. Mashine imefungwa. Maji nimeyarudisha mtoni.

Jana mteja mmoja ameleta habari ya cherehani inayouzwa, kuukuu, inahitaji mkanda mpya. Mama Adelina anasema tusikimbilie, msimu uishe kwanza. Lakini nimemuona akitafuta mahali pa kuiweka, karibu na dirisha.

Jioni nimekula kwa Longinus. Ugali wa unga wangu. Mawe ndiyo kwanza yameanza kazi, bado yanatoa mchanga kidogo. Kila tonge lilikwaruza meno. Niliusikia mchanga kwenye meno yangu machache, nikausikia kwenye meno ya wenzangu wote watano.

Hakuna aliyesema. Walikula, wakashiba, wakanawa. Longinus akaomba ugali uliobaki apelekewe mjukuu wake.