Gunia Begani, Jina Linatafutwa

Jumanne, Kaaga

Mgongo umekataa kunyooka. Hapa kwenye stoo ya mbolea gunia haliwekwi chini mpaka karani alione jina la mkulima kwenye kompyuta, tangu siku mtu alipobeba la mwenzake. Na kompyuta inakokota. Kila herufi karani wetu Kendi anayoandika, inaanza upya kupekua wakulima wote. Leo alikuwa akimtafuta Mwiti mmoja wa Kanyakine, nami nimesimama mbele yake na kilo hamsini begani.

Nikashindwa kunyamaza. "Kendi, sisi huku nyuma ya stoo tumepanga magunia kwa sehemu wanakotoka wakulima. Mtu wa Kanyakine hatumtafutii stoo nzima. Kwani hiyo mashine haiwezi kuanza na Kanyakine?"

Akacheka. "Wewe mtu wa Mbeere uliyeachia shule darasa la sita, leo unanifunza kompyuta?"

Lakini alijaribu. Alichagua Kanyakine kwanza, ndipo akaandika jina. Mwiti akatokea kabla sijahamishia gunia bega la pili. Kendi aliniangalia kidogo, akasema, "Haya, shusha, mzee."

Kufikia saa nane foleni ya wakulima ilikuwa imeisha. Nilikaa chini mchana, mara ya kwanza tangu nitoke kwetu Kiritiri kuja kazi hapa.

Hivyo ndivyo bosi alivyotukuta, wapakizi wanne tumekaa. Akatuhesabu, kisha akamuuliza Kendi kama watatu hawatoshi.

Wa mwisho kuandikwa kazi ni mimi, na wa mwisho ndiye hupunguzwa kwanza. Kendi hakumwambia bosi wazo lilitoka kwa nani, na sijui kama ningetaka amwambie.