Tanzia ya Baba Aliye Hai

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla hujafika mstari wa pili ujue kwamba huku sote ni wazima. Nasema sote, na Baba akiwemo. Ninapoandika haya yuko chumba cha pili anagombana na redio. Mama naye hajambo, mgongo tu unamsumbua akiinama. Natumaini nawe umepata usingizi, maana sauti yako juzi kwenye simu haikuwa ya mtu aliyelala. Msalimie sana wifi yangu, umwambie anisamehe kwa kumtoa machozi ya bure.

Uliniuliza jambo moja tu, nani aliweka jina lako kwenye ile tanzia, nami nikajifanya mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Baba alikuwa amekaa pembeni yangu, basi. Ndiyo maana nimeona nikuandikie, na nianzie mwanzo, kwa sababu unanijua, nikirukia katikati nitapotea mwenyewe.

Unakumbuka nilikwambia nimepata kazi ya kurekebisha tovuti ya gazeti, lile lile ambalo Baba alilipangia herufi za kuchapa mpaka akastaafu. Mfumo wanaoutumia kuendeshea tovuti huja na sura yake tayari, yaani mpangilio na mwonekano wa kurasa. Fundi aliyenitangulia alitia mkono humo humo kwenye sura ya asili, akachokonoa alivyotaka, na wenye mfumo walipoleta toleo jipya kazi yake yote ikafagiliwa. Ukurasa wa tanzia ukawa kichekesho: majina yanakatwa katikati, na marehemu mwenye kofia anaonekana kofia bila uso. Watu walikuwa wanapiga simu wakilia na kutukana kwa pamoja.

Mimi sura ya asili sikuigusa. Nilitengeneza nyingine ndogo inayoirithi, mabadiliko yangu yote yakakaa humo, ili toleo jipya likija lisinipanguse. Tanzia nikazipa mahali pake, zisichanganyike tena na habari za mpira, na kila kitu nikakitengea kisanduku: jina, picha, kazi ya marehemu, wafiwa. Yote hayo niliyafanya kwenye tovuti ya majaribio, ambayo ni nakala tu, watu wa nje hawaioni.

Sasa, kujaribu kunataka mfano, na mfano mzuri ni ule wenye usumbufu. Nilitaka jina refu na picha ya mzee mwenye kofia. Ningempata nani mwingine? Baba ana majina manne na tangu nizaliwe sijaona picha yake kichwa wazi. Basi akawa marehemu wangu wa majaribio, nikamkuza, nikampunguza, nikamsogeza kushoto na kulia mpaka uso ukakaa sawa chini ya kofia.

Balaa lilikuja siku ya kuhamisha. Kinachotakiwa kuhamishwa ni msimbo peke yake, yaani yale maagizo niliyoandika, na yaliyomo yaachwe huko huko kwenye majaribio. Mimi nikaweka alama kwenye vyote viwili, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai kwa raha zangu. Baba akapanda hadi ukurasa wa mbele wa tovuti ya gazeti. Tena mfumo ukafanya kile nilichoutuma mwenyewe kwa ustadi mkubwa: kila aliyejiandikisha kupokea tanzia akatumiwa ujumbe. Kaka, sikujua kabisa kwamba nawe umejiandikisha. Huko uliko, miaka yote hii, ulikuwa unasoma vifo vya huku?

Wa kwanza kufika nyumbani alikuwa mshonaji jirani. Alikuja analia tangu njiani, akagonga, na aliyemfungulia ni Baba. Mama anasema ukelele ule ulifika barabara ya pili. Baba akamkaribisha ndani, akampa kiti, akamwambia asiwe na wasiwasi, mfiwa ni yeye mwenyewe na ameshapoa. Wakaja wengine. Alipofika rafiki yake wa kiwanda cha uchapaji, yule Mzee Wino, Baba alikuwa ameshaanza kufurahia, anamuuliza kila mgeni alikuwa anataka kusema nini juu yake. Mama alicheka mpaka akakaa chini jikoni na mikono yake imejaa sabuni. Ndiyo hiyo sababu simu yake ilipolia hakuweza kuipokea, akaipokea Baba.

Najua alivyokujibu. Ameshatusimulia sana. Uliuliza nani anaongea, naye akakwambia ni yeye, marehemu. Halafu anasema alisikia unavuta pumzi tu, na simu ikakatika. Hajui kama uliikata au iliisha chaji. Aliishika mkononi muda mrefu, Mama akamwomba mara mbili amrudishie.

Tanzia niliitoa haraka. Mhariri aliponiita niliingia roho mkononi, nimeshajiandaa kufukuzwa. Kumbe alikuwa ameichapa kwenye karatasi na kuiweka mezani. Alinigombeza vya kutosha, tena kwa haki, akaniagiza niandike kwa mkono wangu maneno ya kuwaomba radhi wasomaji. Halafu akaniuliza nani aliyeiandika, kwa sababu haikuwa na neno hata moja la kupunguza. Nilimjibu ukweli, na sasa nakujibu wewe pia. Aliyeiandika ni marehemu mwenyewe.

Kaka, mimi nilikuwepo siku mliyogombana, nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia ukimwambia kazi yake imekufa ila yeye hajaambiwa. Na nilisikia naye akikujibu kwamba siku akifa, jina lako lisipangwe kwenye tanzia yake. Kwa mtu mwingine lingekuwa neno la hasira tu. Kwa mtu aliyepanga tanzia za watu maisha yake yote, tulijua sote uzito wake. Tangu hapo hapa nyumbani jina lako linatajwa na Mama peke yake, na Baba akiwa ametoka.

Nilipotaka maneno ya mfano nilimfuata yeye, kwa kuwa nilihitaji urefu wa kweli. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani, akaniambia niandike, akanitamkia yote bila kusita, kama mtu aliyeshaipanga kichwani zamani. Alipofika kwa wafiwa akamtaja Mama, kisha akakutaja wewe: mwanawe wa kwanza, fundi wa lifti. Hata kazi yako anaijua, na mimi sijawahi kumwambia. Vidole vyangu viligoma. Akaniuliza nangoja nini, niandike.

Nikaandika, nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta inavyokaa. Kisanduku cha tanzia kwenye ukurasa wa mbele wakati huo kilikuwa na kikomo, na maneno yakizidi ya mwisho hayaonekani. Wewe ulikuwa umekatwa. Nikamweleza kwamba haina neno, jina lako lipo, ila msomaji itabidi afungue ukurasa mzima ndipo alione. Akasema hapana, lionekane hapo hapo, nipunguze la kwake. Tukaondoa jina la babu, bado halitoshi. Tukaondoa la baba yake babu. Mwisho akaniambia nitoe na cheo chake, yale maneno ya mpangaji herufi mkuu, ambayo unajua anavyoyapenda kuliko suti yake. Ndipo ukatokea, mzima mzima, mwisho wa mstari. Akarudisha miwani, akasema sasa imekaa vizuri.

Baadaye nilikirefusha kisanduku kijinyooshe chenyewe, lakini maneno sikuyarudisha. Kwa hiyo ile uliyoisoma wewe, yenye Baba mwenye majina mawili tu na asiye na cheo, ndivyo alivyotaka iwe. Nilikuwa nimelibeba hili peke yangu na lilinilemea. Leo nimelitua.

Usihofu, hutapata tena ujumbe wa namna ile. Nimeongeza msimbo mfupi unaoangalia kwanza uko kwenye tovuti gani, na kama ni ya majaribio hautumi chochote kwa mtu yeyote. Marehemu wangu wa mfano siku hizi ni chungu cha maua, na nimekivisha kofia.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na uache kupanda lifti za watu ukiwa na mawazo. Mzee Wino naye anakusalimu. Baba nimemuuliza kama ana salamu, akasema hatumi kwa mtu, atakupa mwenyewe. Piga kwenye simu ya Mama jioni yoyote. Tangu juzi Baba haachi iwe mbali naye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chiriku