Nyungunyungu wa Mama

Baba Asifiwe,

Uji uko kwenye chupa. Mama yako mpe dawa ya presha akishakula.

~~Ukitoka mfungie kwa kufuli.~~ Usimfungie. Kaa naye tu.

Alfajiri, wewe umelala kama gogo, nilikuta kitanda chake kitupu. Nilimtafuta nimejifunga kanga moja tu mpaka barabara ya lami. Kumbe yuko kwenye banda la ng'ombe la Mama Nusaiba, anachakura samadi kwa mikono, anaokota nyungunyungu wadogo wekundu. Nikafoka, "Mama, unatafuta nini humu?"

"Chambo. Mzee anakwenda kuvua."

Mzee tuliyemzika Bukoba mwaka juzi!

Nikachuchumaa, nikaokota naye. Akanifuta shavu kwa mkono uleule wenye samadi, akaniita "mwanangu." Miaka kumi na moja ndani ya nyumba hii sijawahi kuitwa hivyo.

Nimechoka, Gaudens, na bado kazini naenda. Kikopo cha nyungunyungu kiko dirishani, usikimwage. Wanyunyizie maji kidogo wasife.

Jumapili, tukitoka kanisani, tumpeleke mahali penye samaki.

Mama Asifiwe